Jina la Marehemu Halikatwi

Kwa miaka thelathini na miwili Adrienne alipanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha parokia, pale Likasi, na kwa miaka yote hiyo alishika sheria moja bila mjadala: jina la marehemu halikatwi. Neno jingine lolote likifika ukingoni nafasi imekwisha, alilikata, akatia kistari, akaendelea chini. Jina la aliyekufa lilipewa mstari wake. Lisipotosha, alitafuta herufi ndogo zaidi, hata kama ni ndogo kama mchele.

"Lufu imemukata tayari," alikuwa akiwaambia aliowafundisha kazi, lufu akimaanisha kifo. "Na weye umukate tena?"

Uchapaji ulifungwa. Matangazo ya misa sasa yanasomwa katika programu ya simu aliyoitengeneza Cathy, msichana wa kwaya. Jumamosi moja mchana Adrienne alimfuata kwake akiwa na jambo moyoni: kesho yake ilikuwa misa ya mwaka mmoja ya Zéphirin Ngalamulume, mumewe, na kwenye simu jina hilo lilikuwa limekatwa. Ngalamu-, kisha chini, lume.

"Cathy, nani amemukata bwana yangu?"

"Hakuna muntu, mama. Téléphone njo inakataka yenyewe."

"Inajua Kiswahili?"

"Hapana, mama. Inakataka kwa Kifaransa tu."

Mwingine angenuna. Adrienne alivuta kiti, maana alitaka kuona. Cathy akakuza herufi, na mistari yote ikahama: neno lililokuwa zima likakatwa, lililokatwa likaungana. Akazipunguza, mistari ikarudi kama mwanzo. Adrienne alimwomba arudie mara tatu, mara nne, akicheka peke yake. Kule uchapajini mstari wa risasi ukishafungwa kwa uzi ulikuwa umefungwa, hausogei tena. Kumbe siku hizi kila mtu anatembea na mistari yake mfukoni, na fundi wa kuipanga hayupo! Tuseme kweli, aliona wivu kidogo.

"Basi uiambie isimukate," akasema.

Cathy akalizuia jina lisikatwe, akaliamuru lipungue pale lisipotosha. Safi kabisa. Lakini fundi wa zamani haachii kazi kabla haijasomwa na mwenye macho mabaya kuliko wote, na huyo alikuwa Marceline, dada mkubwa wa Zéphirin, aliyekaa nyumba ya tatu. Herufi za simu yake zilikuwa kubwa hivi kwamba maneno matatu yalijaza kioo. Cathy akabeba kompyuta yake kwapani, wakaenda.

Marceline akaileta simu karibu na pua. "Misa... ya... kumuombea..." Akagusa kioo kwa kidole. "Hapa iko nini? Minye naona kamustari tu."

"Ni jina ya Zéphirin, yaya," Adrienne akamwambia, maana kwao ndivyo anavyoitwa dada mkubwa.

"Simuone."

Neno hilo lilimchoma Adrienne. Sheria yake aliyoitunza miaka yote ilikuwa imelipunguza jina hata likamficha ndugu machoni pa dada yake.

Cathy akasema kwa sauti ya chini kwamba iko alama moja inayojificha ndani ya neno, haionekani ila nafasi ikikosekana, na hapo ndipo neno hukatika. Mtu mwenyewe ndiye anayechagua mahali pa kuitia. "Lakini mama, ulisema..."

"Nilisema. Leta."

Adrienne akaiweka kompyuta mapajani. Akalitamka jina taratibu, kama alivyoliita kila jioni Zéphirin akirudi kazini, mpaka akasikia mahali pumzi yake inapotua.

"Kama lazima akatwe, nitamukata minye."

Akabonyeza. Kwenye simu ya Marceline herufi zikarudi kubwa. Bibi akazifuata kwa kidole: "Zéphirin. Ngala..." Kidole kikashuka mstari wa chini. "...mulume."

Akaanza tena, safari hii kwa sauti kubwa, moja kwa moja bila kusimama, kama mtu anayemwita ndugu yake aliye chumba cha pili. Adrienne akamwitikia kwa niaba ya mumewe.