Siku Babu Alipoomba Kuota Moto

Juzi nilikuwa napita mbele ya kibanda cha dobi mmoja hapa mtaani kwetu, nikajikuta nimesimama mlangoni. Alikuwa anapiga pasi ya mkaa juu ya shuka lililotiwa wanga, na ile harufu, nusu uji wa muhogo, nusu kitambaa kinachotaka kuungua, ikanishika miguu. Dobi akaniuliza kama nimeleta nguo. Nikamwambia hapana, nanusa tu. Alinitazama kwa huruma, na simlaumu, maana kumweleza kungekula siku yake nzima. Wewe uliyekaa unasoma una nafasi, kwa hiyo nitakueleza wewe.

Harufu ile ni ya nyumbani kwetu Makandana, pale Tukuyu, Jumamosi moja ya mvua nilipokuwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa mwalimu wa sayansi kimu. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha wasichana wa darasa la saba kupanga meza ya chakula cha heshima bila kuwa na hata kijiko kimoja cha kufundishia, kwa sababu vitu vilikuwa havipatikani, na kilichopatikana kilikuwa na foleni. Alichora sahani kwa chaki juu ya madawati. Visu vilikuwa vijiti vya mianzi, na uma zilikuwa vijiti hivyo hivyo vilivyopasuliwa ncha. Mwanafunzi akikosea upande wa kijiko cha supu, Mama alimwambia, "Wewe leo utakunywa chaki," darasa zima likacheka.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, bidhaa zikaanza kurudi madukani. Kwenye mtaa wa jirani wa Bagamoyo, ambao hauna hata tone la bahari licha ya jina lake, Mzee Salum alijaza duka lake sabuni za rangi, redio, viatu vya plastiki na vyombo. Hapo ndipo Mama alipoiona seti yake: sahani sita nyeupe zenye mstari wa buluu ukingoni, pamoja na visu, uma na vijiko kwa watu sita. Aliilipia kidogo kidogo mpaka ikawa yake. Siku alipoileta nyumbani aliifungua kwenye magazeti, akaipangusa, akaifunga tena, akaisukuma chini ya kitanda. Sisi tukaendelea na sahani zetu za bati kama kawaida.

Aliyesababisha seti itoke chini ya kitanda alikuwa Mwalimu Eliza. Huyu ndiye aliyemfundisha Mama sayansi kimu alipokuwa msichana. Alikuwa mwenyeji wa Upareni, amestaafu, na sasa alikuwa anapita Tukuyu na mumewe wakienda kumwona binti yao Kyela. Mama alipopata barua kwamba watafika Jumamosi jioni, aliisoma amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Akaniambia kwamba zamani, siku ya kumaliza shule, Mwalimu Eliza aliwaambia wasichana wake kuwa hatajali vyeti vyao. Atajua wamefaulu siku atakapokaa mezani kwao, na wao wenyewe wakiwa wamekaa naye, si wamejificha jikoni.

Basi wiki ile yote tulikuwa darasani, mimi nikiwa mwanafunzi pekee. Uma kushoto, kisu kulia, makali yatazame sahani. Mama mwenye nyumba hukaa kwenye ncha ya meza iliyo karibu na mlango wa jikoni, na hakuna anayeanza kula kabla yeye hajashika uma wake. Mzee kuliko wote hukaa ncha ya pili, akitazamana naye. Jumamosi mchana Mama alitia wanga kitambaa cha meza na vitambaa vidogo vya kufutia mikono, akavipiga pasi mpaka vikasimama vyenyewe. Kisha akaniachia mimi kupanga, yeye akaenda jikoni kwa kuku wake na wali wa Kyela. Nilipanga sahani tano: Baba, Mama, wageni wawili na mimi. Nilirudi nyuma, nikaitazama ile meza. Sijawahi kujivunia kazi yangu yoyote namna ile, na nimefanya kazi nyingi tangu hapo.

Saa kumi na moja, mvua ikiwa imepamba moto, nikasikia mtu anakohoa barazani. Alikuwa Babu, baba yake Baba, ametoka kijijini kwake Kisiba na mkungu wa ndizi begani. Jumatatu alikuwa na miadi hospitali kwa ajili ya macho yake, akaona ni heri awahi.

Hapa inabidi nikueleze jambo moja, kama wewe si mtu wa kwetu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba mkwe wake walikuwa wanaheshimiana kwa kukwepana. Mama hakuwahi kumtazama Babu usoni, hakuwahi kutaja jina lake, wala hangeweza kula katika chumba alichomo. Babu naye alimkwepa Mama vivyo hivyo. Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili na jiko la nje, na Babu akija, mmoja alipita mbele na mwingine nyuma, na mimi ndiye niliyekuwa nabeba salamu na chakula katikati. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani ndivyo wakwe walivyo duniani kote.

Kwa hiyo Babu alipoketi sebuleni, ambako ndiko meza ilikokuwa, nilifanya kile nilichofundishwa. Nilitoa ile sahani ya sita, nikampangia kwenye ncha ya meza, mahali pa mzee kuliko wote. Kila kitu kilikaa upande wake. Nikakimbia jikoni kumpa Mama habari njema.

"Nimempangia Babu," nilisema. "Mnatazamana."

Mama alikuwa anakoroga mchuzi. Mwiko ukasimama. Alifunika sufuria, akasema taratibu, bila hasira, "Atu, nenda ukaondoe sahani yangu."

"Utakula wapi?"

"Hapa. Wewe ondoa tu."

Jina langu ni Atupele, na aliponiita Atu nilijua hakuna mjadala. Nikarudi sebuleni. Baba alikuwa ameshaelewa. Alikuwa bwana shamba, mtu wa kuwaeleza wakulima wazima jinsi ya kupogoa kahawa, lakini hili hakufundishwa chuoni. Kumwambia baba yake mzazi anyanyuke sebuleni kwa ajili ya mkewe lilikuwa jambo lisilosemeka, na kumwambia mkewe aingie lilikuwa halisemeki zaidi. Alikaa akifuta viatu ambavyo tayari vilikuwa vinang'aa. Nami nikiwa nimebeba sahani ya Mama, na uma na kisu juu yake, wageni wakabisha hodi.

Mwalimu Eliza alikuwa mwembamba, mwenye miwani na mwavuli mweusi. Aliisalimu nyumba nzima, akamwamkia Babu "Shikamoo" kwa kupiga goti kidogo, ingawa na yeye alikuwa na mvi. Kisha akaiendea meza. Aliuzungusha uma mmoja, akagusa kitambaa kwa kidole, akatabasamu.

"Mwanafunzi wangu yuko wapi?"

"Anamalizia jikoni," alisema Baba.

"Amalize tu. Tutamsubiri," alisema Mwalimu Eliza, akaketi. "Mimi silishwi na mtu aliyejificha. Hilo nilimfundisha mwenyewe."

Baba akacheka kicheko kifupi kisicho na kitu ndani yake. Kwenye ncha ya meza, karibu na mlango wa jikoni, palikuwa wazi, na kwenye kitambaa ungeweza kuona duara hafifu pale sahani ilipokuwa. Babu alilitazama lile duara kwa macho yake mabovu. Akaniita kwa kidole.

"Hiyo sahani uliyobeba ya nani?"

"Ya Mama."

"Na huyu mama mwenye miwani?"

"Mwalimu wake."

 Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Babu akashika fimbo yake, akasimama, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwa Kiswahili chake kisichokuwa na r hata moja, "Nasikia balidi. Kamwambie mama yako atoke jikoni. Naenda kuota moto."

Nilijisikia vibaya mno. Kwa masikio yangu ya miaka kumi, Babu alikuwa amekasirika. Tulikuwa tumemtandikia vyuma vya kizungu asivyovijua, akaona aibu, na sasa anamtoa Mama jikoni kwake kwa hasira. Nilipeleka ujumbe.  Mama alifunika kichwa kwa khanga, akavua aproni, akatoka akizunguka nyumba upande wa mbele. Babu alitokea mlango wa nyuma, lakini hakuingia jikoni mara moja. Alisimama kwenye mvua, nyuma ya mgomba, ameupa mgongo ule upande aliokuwa anapita Mama, mpaka nilipomwambia, "Ameshapita, Babu." Nakumbuka niliwaza kwamba kwa mtu anayelalamikia baridi, hiyo ilikuwa njia ya ajabu ya kuikimbia.

Nilirudisha sahani ya Mama mezani, nikachukua ile ya sita, nikaipeleka jikoni. Nilimsogezea Babu kigoda cha Mama karibu na mafiga. Akakikataa kwa kichwa. Aligeuza debe tupu la mafuta, akakalia hilo, magoti yakamfika kifuani. Hilo nalo nililihesabu kuwa ni hasira. Nikapindua kinu, nikatandika juu yake kitambaa chenye wanga, nikaweka sahani, uma kushoto, kisu kulia. Angalau apate meza yake.

"Hiki ndicho anachofundisha mama yako?"

"Ndiyo."

"Nioneshe."

Nikamwonesha. Babu alishika uma kama mtu aliyeshika jembe, akachoma paja la kuku, paja likaruka likaangukia kwenye majivu. Tukalitazama wote wawili. Akaliokota, akalipuliza, akasema, "Huyu alikuwa hajafa vizuli," na akaendelea kwa mkono. Nilicheka, kisha nikaanza kulia, kwa sababu kutoka ndani ya nyumba nilikuwa namsikia Mama anacheka na mwalimu wake. Kicheko chake cha wazi, ambacho hakikuwahi kusikika Babu akiwepo. Nikamchukia Mama kidogo, nikuambie ukweli. Nikaona amemfukuza mzee wa watu akale penye moshi ili yeye ashike uma mbele ya wageni. Babu aliniambia niende mezani, sahani yangu inapoa. Sikwenda. Nilikula naye ndizi za kuchoma, macho yakituwasha kwa moshi.

Jumatatu alikwenda hospitali, akarudi Kisiba. Tangu hapo, kila alipokuja na nikampelekea chakula sebuleni, Mama alikuwa anaweka pembeni ya sinia kitambaa kidogo kimoja, kimetiwa wanga na kupigwa pasi. Babu hakukitumia hata mara moja. Alikirudisha kimekunjwa vile vile, akisema, "Ndaga," ambayo kwetu ni asante. Mimi niliona ni kuendelea kumsumbua mzee kwa mambo ya kizungu.

Kinyongo hicho nilikibeba mpaka nikiwa kidato cha tatu, Babu alipofariki. Tulikuwa Kisiba, jioni baada ya mazishi, mimi na Mama tunaosha vyombo vya msiba nyuma ya nyumba. Uchungu ukanizidi, nikasema yale niliyokuwa nimeyaweka. Nikamwambia kwamba tulimfukuza Babu mezani kwa uma na visu.

Mama aliacha kuosha.

"Atu, nani angeweza kumfukuza yule mzee?" alisema. "Angekaa pale pale, na hakuna mtu angemlaumu. Ningekula jikoni, mwalimu wangu angeondoka anajua sikufaulu. Alikwenda yeye jikoni ili mimi nitoke. Mwanaume wa rika lake, mbele ya wageni, kwenda kukaa jikoni kwa mkwe. Na wala hakutaka ijulikane. Akasema ni baridi."

Nilimkumbuka amesimama kwenye mvua nyuma ya mgomba. Nikamwambia Mama kuhusu hilo, na kuhusu kigoda chake ambacho Babu alikataa kukikalia, akakaa juu ya debe. Hakuwa anayajua hayo. Angeyajuaje, na mimi sikuwahi kusema? Alijifuta uso kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na povu.

"Sikuweza kumwambia asante," alisema. "Nilikuwa naweka kitambaa."

Akarudi kwenye vyombo. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia jambo lisilomhusu.

"Chakula changu, siku ile, alikila?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa amempikia Babu kwa miaka kumi na minane, na hakuwahi kumwona akila. Nikamsimulia yote tangu mwanzo: paja lililoruka, majivu, na alichosema Babu kuhusu yule kuku. Mama alicheka mpaka akashika mdomo, kwa sababu ya msiba. Kisha nikamwambia kwamba alikula akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha ndizi, akaramba vidole vyote vitano.