Anavyoanguka Yule wa Lurambi

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na minne na watoto watatu, katika darasa la jioni ambako mwenzangu wa dawati alikuwa nyanya mwenye wajukuu. Hisabati ilinitoa jasho la kujaza ndoo. Lakini insha niliiandika mpaka kalamu ikaomba maji. Mwalimu alinirudishia daftari kila wiki na maneno yaleyale kwa wino mwekundu: punguza chumvi. Sikupunguza. Ni chumvi iliyonipitisha mtihani, na ni chumvi hiyohiyo iliyokaribia kuvunja shingo ya mtu. Tangu nizaliwe sijaogopa kama nilivyoogopa wiki ile, na mimi ni mtu ninayeogopa hata bata.

Kazi yangu ni kushona viti vya pikipiki karibu na steji ya Kakamega. Mtu analeta kiti kilichochanika, natoa sponji iliyochoka, nachonga nyingine, naivika ngozi ya plastiki, anaenda. Na pikipiki mjini hapa ni nyingi kuliko majani ya miti, kwa hivyo sindano hailali.

Raha yangu ilikuwa mieleka. Sisemi ile ya televisheni yenye taa na moshi. Nasema ya vijana wetu, wasio na kampuni wala mdhamini, waliojifunza kwa kutazama simu na kuumizana. Ulingo wao ni magurudumu ya lori yaliyopangwa chini, mbao juu ya magurudumu, turubai juu ya mbao. Wanaujenga Jumamosi alasiri katika uwanja wa shule kule Amalemba, mbele ya goli, kwa sababu hapo ndipo ardhi iko sawa.

Sasa, watazamaji wa hapa kwetu wengi wamelelewa kwenye mapigano ya fahali. Wanakuja na ngoma za isukuti, wanakuja na masharti yao. Fahali haigizi. Akikimbia, amekimbia, na siku hiyohiyo watu wanaanza kuuliza nyama. Na mwenye fahali akiona mnyama wake ataumia bure, anaingia uwanjani na tawi bichi mkononi, anapita mbele ya watu na kumgeuza nyumbani. Ngoma zinanyamaza. Hakuna anayemzuia, maana mwenye mali ameamua. Watu waliozoea hayo ukiwawekea mieleka ya kupangwa, watakupa maoni mpaka ukome.

Na kutoa maoni ndiko nilikokuwa bingwa. Tulikuwa na grupu ya mashabiki kwenye simu, nami niliandika humo kwa jina la kubuni, kila Jumapili baada ya kanisa, aya ndefu zenye mwanzo, kati na mwisho kama nilivyofundishwa. Niliandika kwamba yule mwembamba wa Amalemba ana kofi bora kuliko yote magharibi ya Kenya, likipigwa Amalemba mtu wa Mumias anashika shavu. Hilo nalishikilia mpaka leo. Niliandika kwamba yule anayevaa soksi usoni ana mdomo wa bingwa na miguu ya mtu anayetafuta choo. Kuna ndugu wawili wanaopigana upande mmoja, nikasema siku wakijua ni zamu ya nani watatisha. Watu walibisha, walinitukana, walirudi kusoma tena.

Halafu nikamfikia yule wa Lurambi. Huyu alikuwa mkubwa, mtu wa kuingia mlangoni kwa awamu. Kwa macho yangu alikuwa na kasoro moja tu: alianguka vizuri mno. Mgongo wote unafika chini mara moja, mikono imetanuka, kidevu kimeinama, pa! Hakuna mguu unaopepea, hakuna uso unaojikunja. Nikaandika kwamba anaanguka kama mtu aliyeona kitanda. Nikaongeza kwamba angekuwa fahali, angekuwa buchani tangu Krismasi.

Grupu ilicheka mpaka simu yangu ikapata joto. Jumamosi iliyofuata alipoanguka, uwanja mzima uliimba: Kitanda! Kitanda! Na isukuti ikashika mdundo huo. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikamsimulia mke wangu. Akaendelea kusonga obusuma, ugali wetu, akasema, "Baba watoto, huyo mtu ana mama." Nikaona hajui mieleka.

Jumanne alikuja kibandani.

Niliona kivuli kwanza. Nilipoinua macho nikamwona ameshika kiti cha pikipiki kama mtu aliyeshika kitabu cha nyimbo. Damu yote ilinihama ikaenda kwenye visigino. Nilihesabu njia za kukimbia, zilikuwa moja, na yeye alikuwa amesimama ndani yake.

"Fundi, hiki kinaniumiza mgongo," akasema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili. "Niwekee sponji ngumu."

Hakunijua. Mchana anaendesha boda kama wengine, na kiti chake kilikuwa kimechoka, basi. Akakaa kwenye benchi langu, benchi likatoa sauti ambayo halijawahi kutoa. Mimi nikashona kiti na kidole changu pamoja. Akaniuliza kama naendanga mieleka. Nikasema nasikianga tu.

Ndipo akaanza kuongea, jinsi mtu anavyoongea na fundi, bila kumtazama. Alisema kuna mtu anaandikanga kwenye grupu ya mashabiki. Alisema mama yake anauza mboga sokoni, na wiki ile wateja walimuuliza kama yeye ndiye mama Kitanda. Mama alifunga meza mapema akarudi nyumbani. Alisema kuanguka kule ndiko kazi yenyewe, alijifunza mwaka mzima kwenye nyasi, kwa sababu bega lake la kushoto liliwahi kutoka, na akianguka vibaya litatoka tena, au shingo itaenda nalo.

"Jumamosi nitapanda juu ya goli," akasema. "Nitaruka mpaka ulingoni. Nitafika nikiwa vile nitakavyofika, bila kujikinga. Waseme tena kitanda."

"Wenzako wanasemaje?"

"Wamenikataza."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshaambia mama aje."

Alipoondoka, akiniachia kiti nikimalize, sikuweza kuingiza uzi kwenye sindano. Nilifunga kibanda, nikatembea mpaka Amalemba, nikasimama chini ya lile goli. Kwenye insha yangu lingekuwa refu kama kanisa. Lakini nililitazama kama lilivyo, nikapima hatua kutoka chini ya mwamba wa goli mpaka pale ulingo unapowekwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kupima kitu nisiongeze. Urefu ule ulitosha kumvunja mtu. Hatua zilikuwa nne na kidogo. Mtu mzito namna ile, akijirusha bila kujikinga, juu ya mbao.

Nikaamua kurekebisha kwa kalamu, kwa kuwa kalamu ndiyo iliyoharibu. Niliandika kwenye grupu kwamba yule wa Lurambi ndiye mwanamieleka mwenye ustadi kuliko wote, kwamba anavyoanguka ni elimu, kwamba tulikosea kumcheka. Nilimaanisha kila neno. Majibu yakaja na nyuso za kulia kwa kicheko. Mmoja akaandika, "Leo umemmaliza kabisa." Walidhani ni kejeli. Nikaandika tena, kwa ufupi, kwamba Jumamosi anaweza kuumia kweli, tafadhali msimchochee. Hiyo ikawa mbaya zaidi. Walisema sasa nimeanza kutangaza pambano, na kama mimi nasema ataumia basi hiyo si ya kukosa. Watu wa fahali kutoka Khayega wakaahidi kuleta ngoma zao. Nilikaa pale na simu mkononi kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia, siwezi kushika, siwezi kuachilia.

Nyumbani ingokho, kuku wetu wa kienyeji, iliwekwa mbele yangu, paja zima, na sikuligusa. Watoto walinitazama kwa wasiwasi, kwa maana hilo halijawahi kutokea. Nikamweleza mke wangu kila kitu.

"Mwambie ni wewe," akasema.

"Atanipiga."

"Basi akupige. Wewe utapona."

Siku zilizobaki nilimtafuta kwenye steji nikiomba nisimpate, na sikumpata.

Jumamosi nilifunga sponji yote niliyokuwa nayo nyuma ya boda, mzigo mkubwa hata dereva hakuonekana, nikaipeleka Amalemba mapema. Nikamwomba refa waiweke chini ya turubai. Refa, kijana mpole mwenye shati la mistari, akaibonyeza kwa kidole akatikisa kichwa. Alisema mguu ukizama hapo, goti linavunjika, na wanaopigana ni wengi, si mmoja. Nikauliza yule wa Lurambi yuko wapi. Akanionyesha darasa ambalo mlango wake ulifungwa kwa ndani. Nilibisha. Nilibisha tena. Hakuna aliyefungua.

Watu walijaa. Siku nyingine ningesema walikuwa elfu kumi, lakini kwa kuwa hapa nimeamua kusema kweli, walikuwa wengi kuliko siku zote. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mama mmoja wa makamo, leso imefungwa kwa nguvu, mikono mapajani. Hakuna aliyeniambia ni nani. Mabega yalikuwa yaleyale.

Pambano lilikuwa kati ya yule wa Lurambi na yule mwembamba mwenye kofi. Sikumbuki kofi hata moja. Nakumbuka tu alivyombeba mwembamba, akamlaza kwenye mbao, kisha akatoka ulingoni akaelekea golini. Isukuti ikaanza. Kitanda! Kitanda! Alipanda mlingoti kwa mkono wa kulia na magoti, ule wa kushoto akiuburuta kando. Alipofika juu akasimama kwenye mwamba, nao ukapinda katikati.

Refa aliinua mikono akaikunja msalaba juu ya kichwa. Hiyo ni alama yao ya kwamba mambo si mchezo tena, simamisha. Watu wakashangilia wakidhani ni sehemu ya mchezo. Hata yule mwembamba, aliyepaswa kulala kama maiti, aliinuka kwa magoti akatikisa kichwa kumkataza, na watu wakazidi kupiga kelele. Kila kilichokuwa kweli kiligeuka kuwa burudani. Mama kwenye kiti alikuwa amefumba macho.

Nilipiga kelele, sikujisikia mwenyewe. Maneno hayakuwa na kazi pale. Pembeni, kwenye ua wa shule, kulikuwa na mpera. Sijui nilifikaje. Nilivunja tawi lenye majani, nikapenya watu, nikaingia uwanjani nikilipunga mbele yangu, nikatembea polepole kati ya ulingo na goli kama nilivyoona wazee wakifanya. Mpiga ngoma wa kwanza aliona tawi na mkono wake ukasimama wenyewe, kwa mazoea. Wa pili akasimama. Halafu wote.

Kimya kile kilinitisha kuliko kelele.

"Huyu namtoa," nikasema.

Mzee mmoja wa Khayega akauliza, "Wewe ni nani umtoe?"

"Mimi ndiye niliyeandika kitanda."

Kutoka juu nikasikia ile sauti ndogo. "Fundi?"

"Ni mimi, ndugu yangu."

"Ulisema unasikianga tu."

"Nilidanganya. Ukiruka, ni mimi nitakuwa nimekuua. Shuka unipige."

Alikaa pale juu muda ambao sitauongezea chochote. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake, mama akafumbua macho. Kisha akakaa juu ya mwamba, akaukumbatia mlingoti kwa mkono wa kulia, akateremka.

Nilitupa tawi. Alikuja moja kwa moja. Alininyanyua kwa mkono mmoja, ule mzima, akaniweka kwenye bega la kulia, akaniingiza ulingoni kama gunia la sukari. Nilisikia watu wakicheka, mimi nilikuwa nasali. Akaniinua juu. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu.

"Kidevu kifuani," akanong'ona. "Fungua mikono. Ukifika chini, toa pumzi."

Kisha mbao zikanijia.

Nimeandika mambo mengi kuhusu kuanguka. Sikuwahi kuandika kwamba sauti inafika kabla ya maumivu, wala kwamba kwa muda hujui hewa inaingilia wapi mwilini. Nilipofungua macho alikuwa amepiga goti kando yangu, na nyuma ya kichwa changu hapakuwa na mbao. Palikuwa na kiganja chake. Alikiweka pale njiani tukishuka. Bega lake la kushoto lilikuwa linatetemeka peke yake.

Ngoma zikarudi. Mtu mmoja akaanza, na uwanja ukampokea: Kitanda! Safari hii walinielekezea mimi. Mama yake alikuwa amesimama, na naye alikuwa akiimba.

Jumapili, nimelala kifudifudi, mke wangu akinisugua mgongo kwa mafuta na kicheko, niliandika kwenye grupu: Yule wa Lurambi anaanguka vizuri. Nimeanguka naye. Inauma. Wakauliza ni nani ameiba simu yangu.

Jumatatu alikuja kuchukua kiti chake. Alikibonyeza, akakikalia, akaniomba nimwonyeshe nilichoandika. Alisoma polepole, mara mbili.

"Ni fupi, fundi," akasema. "Ungesema hata kwamba nilikubeba kwa mkono mmoja."

Nikaandika hivyo papo hapo, akiwa anatazama. Mpaka leo, kwa wale wa grupu ambao hawakuwepo uwanjani, hakuna hata mmoja aliyeamini.