Sekunde Kabla ya Mpira Kurushwa

Wifi yangu alikuwa akifua mashuka ya hospitali, kazi ya mvuke na mashine zinazotetemeka kama zina homa. Siku moja, tukiwa mezani, akatangaza kwamba anataka kusomea kupiga picha za eksirei. Kaka akaacha kutafuna. Chuo kilitaka ufaulu wa hisabati na fizikia, na wifi alikuwa hajashika rula tangu usichana. Mzigo nikatwishwa mimi, mwalimu wa familia.

Aljebra aliikubali. Kalkulasi ilimpiga chenga, ila akajifunza kuifuata kama mgonjwa anayefuata maelekezo ya dawa: zidisha kwa kipeo, punguza kipeo kwa moja, usiulize. Kilichotukwamisha ni mpira.

Ulikuwa mpira wa kwenye swali tu. Umerushwa juu kutoka paa la mita ishirini, kwa mwendokasi wa mita kumi na tano kwa sekunde. Utafika chini baada ya muda gani? Wifi akaandika kimo: 20 + 15t − 5t². Chini ni sifuri, kwa hiyo akaweka sifuri. Akagawanya kote kwa hasi tano, akapata t² − 3t − 4 = 0. Akatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata hasi nne, ukizijumlisha hasi tatu. Vigawo vikatoka: (t − 4)(t + 1). Basi t ni 4 au −1.

"Jibu ni nne," nikasema. "Hiyo nyingine ifute."

"Kwa nini?"

"Muda hauwezi kuwa hasi, wifi. Mpira ulikuwa bado haujarushwa."

"Sasa hiyo hasi imetoka wapi? Mimi sijaileta. Nimefuata hatua zako zote."

Nikachora njia ya mpira, nikairefusha kinyumenyume mpaka ardhini. "Mlinganyo haujui kama kuna mtu paani. Wenyewe unaona mpira ulitoka chini sekunde moja kabla, ukapita paani kwa mwendokasi uleule."

"Kwani ulitoka chini?"

"Haukutoka."

"Lakini kama ungetoka, yote ya mbele yangekuwa vilevile?"

"Vilevile."

"Kwa hiyo ukiutazama tu angani huwezi kujua ulikotoka."

Miaka yote nimefundisha swali hilo, na siku hiyo kichwa kilinizunguka.

Wiki iliyofuata msimamizi wake alimfokea: alikuwa amepeleka magauni ya chumba cha upasuaji kwenye wodi ya watoto. "Akili yangu ilikuwa nyuma ya sifuri, kwenye ile hasi moja," akaniambia, wala hakutania.

Kwenye mtihani walileta jiwe lililorushwa juu, wakauliza kimo chake cha juu kabisa. Alikokotoa, akapata, akatoka nje amekunja uso. "Kule juu mwendokasi ni sifuri, lakini bado linavutwa. Wifi, limesimama au halijasimama?"

"Kwa nukta tu."

"Nukta ina urefu gani?"

"Haina."

Akaniangalia kama ninayemficha kitu.

Alifaulu, kwa alama za kusuasua. Kaka alimkumbatia mlangoni. Yeye akayasoma matokeo upya, akiamini wamemchanganya na mtu mwingine.

Chuoni hakumaliza hata wiki kabla hajanipigia simu.

"Wifi, huku wanasema eksirei ni mawimbi. Mwalimu mwingine anasema ni chembechembe."

"Yote mawili ni kweli."

Kisha akauliza, taratibu, "Unakuja lini?"