Njia ya Miguu Chini ya Maji

Mgongo wangu uliharibiwa na sukari guru. Nilikuwa natoka Awendo kurudi Homa Bay na cherehani mpya, nimepanda lori lililojaa magunia ya sukari hiyo, na dereva alinishauri nikae juu kabisa ya mzigo kwa sababu huko kuna hewa. Kwenye kona moja magunia yakateremka, nami nikateremka nayo, nikafika chini nimekaa kitako katikati ya barabara kama mgeni aliyepewa kiti. Cherehani haikupata hata mkwaruzo. Watu waliokuja kunitazama waliisifu sana.

Hospitali kubwa walinipiga picha. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda, akasema, "Mifupa yako ni mizuri kabisa." Alisema kwa sauti ya pongezi, nikamshukuru. Nilitoka pale nimeshika ukuta.

Tangu hapo maumivu yalikaa kiunoni na hayakuhama. Kuamka kitandani ilikuwa safari: kwanza ubavu, halafu kiwiko, halafu kumwita mke wangu. Kupiga chafya niliogopa kuliko nyoka. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani ya miguu haina huruma na mtu wa kiuno, hivyo nilishona nusu saa, nikalala chini dukani nusu saa, wateja wakinipima kwa macho kutoka juu. Nilipakwa mafuta ya kila aina, nikaumikwa kwa pembe na mzee mmoja kutoka Ndhiwa, nikalala juu ya mlango uliong'olewa. Mlango ulisaidia siku mbili.

Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa Uhuru, ziwa lilikuwa linapanda. Mvua ilinyesha msimu baada ya msimu, na maji yakapita mahali yaliposimama siku zote, yakaingia mashambani, yakafunika gati ya zamani. Asubuhi moja yalifika nyuma ya ghala nililoweka vitambaa, na jora moja la khaki likaelea likienda zake. Nililifuata. Maji yalinifika magotini, kiunoni, kifuani, na yaliponifika kifuani nikasimama. Maumivu yalikuwa yamenyamaza. Sikusikia chochote, kama mtu aliyezoea kelele za kinu kisha kinu kikazimwa. Khaki iliendelea na safari yake, mimi nikabaki pale nikilia kidogo, na mke wangu kule nchi kavu akadhani nalilia kitambaa.

Nilijifunza kuogelea utotoni Kisumu, kwa hiyo sikuwa na haja ya mwalimu. Kuanzia siku ile nikawa naingia ziwani kila siku baada ya sala ya alfajiri, jua likianza kutoka. Niliingia wakati wa mvua za masika, niliingia mwezi wa Julai maji yakiwa baridi na upepo ukikata masikio, niliingia siku ya mvua ya mawe nikiwa nimevaa sufuria kichwani. Nilijishonea suruali fupi na shati la mikono mirefu kwa turubai. Wavuvi waliooga ufukweni bila nguo, kama watu wenye akili, walinitazama kwa masikitiko wakaulizana kwa Kijaluo ni ugonjwa gani unaomfanya mtu aoge amevaa hema. Nikitoka majini nilipata saa tatu, wakati mwingine nne, za kushona nimekaa. Baada ya hapo maumivu yalirudi, lakini yalirudi yakiwa na adabu.

Niliogelea hivyo karibu mwaka mzima. Ndipo siku moja nikasikia mtu ananiita kutoka ukingoni.

Alikuwa mama mmoja mzee, mjane, amesimama na fimbo. Nilimjua kwa sura tu, kwani mke wangu aliwahi kumshonea gauni la kanisani. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imemezwa na ziwa, na sasa aliishi kwenye kibanda kidogo juu ya mteremko.

"Fundi," alisema, "wewe unapita wapi?"

"Naogelea, mama."

"Mimi naona unaogelea. Nauliza unapita wapi. Hapo ni shamba yangu."

Nilitazama kushoto na kulia. Kulikuwa na maji mpaka visiwa vya mbali.

"Hapo ulipo ni mihogo," alisema. "Ukienda mbele kidogo unaingia boma. Hakuna mtu anapita boma ya mtu kila asubuhi bila kubisha hodi."

Nilicheka, nikajuta, kwa sababu yeye hakucheka. Wiki hiyo hiyo askari wa chifu alikuja dukani akaniambia nimeshtakiwa kwa kuingia shamba la mtu.

Baraza lilikaa uani kwa chifu siku ya Jumanne. Nilidhani kesi itachukua dakika tano. Chifu alikuwa mtu makini, mpya kazini, na aliniuliza swali la kwanza kwa uzito: "Je, ukiogelea, miguu yako inagusa ardhi?"

"Haigusi, chifu."

"Kwa hiyo uko juu ya shamba, si ndani ya shamba."

Wazee wakaanza kubishana kuhusu aliye juu ya shamba. Mmoja alisema ndege hupita juu ya shamba kila siku na hajashtakiwa. Mwingine akajibu kwamba ndege hapiti mahali pale pale saa ile ile mwaka mzima, na ndege havai turubai. Nikaomba ruhusa kusema kwamba kuna kiboko anayelala sehemu hizo na hakuna aliyemwita barazani. Mjane akageuka kunitazama.

"Kiboko nilimwambia," alisema. "Sasa anapita upande ile ingine."

Hakuna aliyetia shaka neno hilo, hata mimi.

Mwishowe chifu aliamua tukaone mpaka. Tuliingia kwenye mtumbwi: chifu, karani wake, wazee wawili, mjane, na mimi nimelala chini kwa sababu kukaa nisingeweza. Mjane alituongoza juu ya maji matupu bila kusita hata kidogo. "Hapa ni ua ya mkonge. Hapa ghala. Hapa jiwe kubwa ya kuanika mtama. Polepole, hapa ni mlango." Mpiga kasia alipunguza mwendo mlangoni. Kila pembe wakafunga kibuyu kwenye kamba yenye jiwe, na vibuyu vikaelea vikionyesha mpaka. Kisha mjane akatuonyesha njia ya miguu iliyokuwa ikitoka barabarani, ikapita kando ya mihogo, mpaka ufukwe wa zamani. Njia ya watu wote, alikiri, hata babu zake waliipita.

Karani akaandika uamuzi na chifu akausoma: fundi ataogelea kwa njia ya miguu, kwenda na kurudi, bila kupinda, na akikutana na mtu ampishe.

Nilitia sahihi. Kesho yake nilianza kuogelea kwa njia ya miguu.

Mjane alikuja na kigoda kuhakikisha. Alikuja kila asubuhi, akajifunika shuka, akaniongoza kwa fimbo. "Kulia, fundi. Kulia. Umeingia mihogo." Nilijifunza kona zote. Kulikuwa na mahali njia ilipinda kwa sababu ya mti uliokatwa zamani, na nilipinda. Mwanzoni nilikasirika, nikamwambia mke wangu nitakwenda kuogelea Mbita. Lakini baadaye nilizoea. Tulianza kuzungumza, mimi nikiwa majini na yeye kigodani, habari za magoti yake na kiuno changu, tukilinganisha kama wafugaji wanaolinganisha ng'ombe. Magoti yake yalizidi wakati wa baridi. Kiuno changu kilizidi wakati wowote.

Siku moja ya mvua kubwa, nikiwa mbali kiasi, mgongo ulikaza ghafla. Ulikuwa haujawahi kunifanyia hivyo majini. Miguu ilikataa, ikawa mizito kama ya mtu mwingine, nikameza maji. Nilijaribu kuita na sauti ikatoka ndogo. Mjane, pale kigodani, alinisikia.

"Fundi, wacha njia," alisema. Hakupiga kelele sana, alisema tu kwa nguvu ya kutosha. "Ingia shambani. Kushoto. Kushoto tena. Jiwe ya mtama iko hapo. Simama."

Nilijivuta kwa mikono, na mguu ukagusa kitu kigumu, kipana, chenye utelezi. Nikasimama. Maji yalinifika kifuani. Huko katikati ya ziwa nilisimama wima, mvua ikininyeshea, nikipumua.

Nilisimama muda mrefu. Mtumbwi wa wavuvi ukapita, na mmoja wao akanisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza nafanya nini.

"Nimesimama," nilijibu.

"Umesimama wapi?"

Mjane akajibu kwa niaba yangu kutoka ukingoni. "Amesimama kwa jiwe yangu. Nimemruhusu. Sasa mchukueni."

Walinipakia juu ya samaki wao, ngege waliokuwa bado wanarukaruka, wakanipeleka nyumbani hivyo. Nililala siku tisa. Niliponyanyuka nilichukua kilo mbili za sukari na majani ya chai, nikapanda mteremko mpaka kibandani kwake kumshukuru. Alinipa kigoda, nikamwomba nisimame, akasema yeye pia afadhali asimame kwa sababu kukaa ni rahisi ila kuinuka ndiyo kazi. Kwa hiyo tukanywa chai tumesimama, tunatazama ziwa.

Nilimuuliza kwa nini aliniambia nipite kushoto siku ile, ilhali upande wa kulia ulikuwa karibu zaidi na ufukwe.

"Upande ya kulia, mbele ya nyumba, mzee amelala," alisema. "Baba ya watoto. Wewe mwaka mzima ulikuwa unapita juu yake. Asubuhi unaenda juu ya miguu yake, ukirudi unapita juu ya kifua."

Sikuweza kunywa chai ile. "Kwa nini hukumwambia chifu?"

"Chifu angesema maji imemfunika, basi kesi imeisha. Mihogo ndiyo watu wanaelewa."

Kisha akaniomba jambo ambalo nadhani alikuwa amelifikiria kwa siku nyingi. Zamani walikuwa wamepanga mawe kuzunguka kaburi la mumewe. Alitaka kujua kama bado yapo. Wanawe wa kiume walikuwa Nairobi, wavuvi wangemcheka, na hakumwamini mtu asiyejua njia.

Tulikwenda wiki iliyofuata, asubuhi tulivu, maji yametulia kabisa. Alinielekeza kutoka ukingoni mpaka nilipofika mahali penyewe. "Hodi," nilisema, kwa kuwa sikujua kingine cha kusema, nikajishusha chini kwa miguu, nimebana pumzi. Mgongo uliuma nilipojikunja. Miguu ilizama kwenye tope mpaka vifundoni. Nilitafuta kwa vidole, nikapanda kuvuta hewa, nikashuka tena, mara tatu au nne.

Niliporudi alikuwa ameinuka kutoka kigodani.

Niliwaza kumdanganya. Ingekuwa rahisi. "Kuna tope nyingi, mama," nilisema. "Nimepata mawe mawili, yamekaribiana. Mengine sikuyapata."

Alitazama pale nilipokuwa nimezama. "Mawili ni ya kichwani," alisema. "Tuliweka mawili kichwani." Akakaa tena, polepole, na akaniuliza kama maji ya chini yalikuwa baridi. Nikamwambia yalikuwa ya vuguvugu. Hilo lilikuwa kweli.

Hakunisimamia tena baada ya hapo, alikuja tu kuzungumza. Mwaka uliofuata binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Magunga, na sikumwona tena, ingawa alinitumia salamu mara mbili na mara moja mtama.

Mgongo haukupona. Kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya sitini tulihamia Migori, ambako duka lilikuwa zuri na maji mabaya. Kuna mto, lakini una mawe na una mwendo wake, na nikijilaza ndani yake kina mama wanaofua huniomba nisogee. Wateja wa huko huniuliza kwa nini nakunja uso ninapoinuka, nami huwaeleza ajali ya sukari guru, na jinsi nilivyopata nafuu Homa Bay kwa kuogelea kila siku, mvua na jua. Wakiuliza nilikuwa naogelea wapi, nawajibu, "Kwenye shamba la mama mmoja." Mke wangu ameniomba niwe nasema ziwani tu.