Ngozi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu Mapenzi tulimzika nyumbani kwetu Tezo mwaka 1986. Waliokuja mazishini kutoka Malindi walimjua akiwa mweupe. Sisi tulimlea mweusi tititi, mweusi wa baba yetu, na kanisani kina mama wazee walikuwa wakimshika mashavu wakisema Mungu hakuwa na haraka siku alipomuumba.

Alikuwa dobi katika hoteli moja ya Malindi, nami nikifanya kazi jikoni hapo hapo. Kuta za chumba cha kupigia pasi zilijaa picha za magazeti: wanawake weupe wameshika makopo ya krimu, wanacheka. Wasichana waliosimama mlangoni kuwavika wageni mashada ya maua walifanana na picha hizo. Hao hawakufua. Walikaa kivulini, wakapigwa picha, wakaitwa kwa majina yao. Mapenzi alitaka kusimama pale.

Alianza kwa krimu na sabuni za dukani. Rangi ilipochelewa, akafanya kosa ambalo dobi tu angelifanya: akachanganya krimu na dawa ya kung'arishia mashuka. Kila siku aliona shuka lenye doa la mvinyo likitoka jeupe pe. Kwa nini ngozi isitoke?

Easter, msichana wa bara aliyekuwa rafiki yake na mwenzake kwenye pipa moja la kufulia, alimwonya.

"Shuka likizidi dawa, ukilikamua linachanika. Wajua hilo kuliko mimi."

"Mimi si shuka, Easter."

"Basi acha kujifua!"

Wakacheka wote wawili.

Baadaye uso wake ukatoka mweupe, vidole tu vikakataa, na meneja akamchagua Mapenzi kwenda mlangoni. Easter, aliyeiomba nafasi hiyo mara nyingi, akaambiwa abaki na mapipa. Nilikuwa napita na sufuria niliposikia kelele penye mapipa ya kufulia.

"Mimi nilikuja kazi hapa kabla yako!" Easter alisema. "Kiingereza najua. Wewe hata kuwasalimu huwezi!"

"Nenda basi ukasimame. Wageni wamekuja kupumzika, hawakuja kutishwa."

"Uso wa maziwa, vidole vya masizi! Utawavika maua umevaa soksi mikononi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mapenzi akamzaba kofi. Easter akainua mti wa kukorogea mashuka, akamtandika nao shavuni. Mtu mwingine angevimba tu. Ngozi ya mdogo wangu ilifunguka kutoka jichoni hadi kwenye taya, kama karatasi iliyolowa. Wakaanguka sakafuni, kucha na meno, damu ikirukia mashuka. Kila Easter alipomshika, ngozi ilibaki mkononi mwake. Alipoona hivyo akapiga ukelele, akamwachia. Mapenzi hakuacha. Alimng'ata sikio, na tulipowatenganisha kipande kilikuwa mdomoni mwake.

Hospitalini daktari alishona, uzi ukakata nyama. Akashona tena, ukakata tena.

"Ngozi hii haishiki uzi," alisema.

Kidonda kikaoza, homa ikapanda. Siku ya mwisho aliyoweza kusema, Mapenzi aliniuliza, "Dada, meneja ameuliza nitarudi lini?"

Nikamwambia ameuliza. Hakuwa ameuliza. Alifariki Jumapili, tukiwa tumepiga magoti kumwombea.

Easter alikuja kuzika, sikio limefungwa bandeji. Kaka yetu Kalama alimrukia na jembe lililochimba kaburi, akampiga kwa mpini mgongoni, Easter akaanguka juu ya udongo mbichi. Pigo la pili alilipokea mama, aliyejitupa juu yake. Tulisikia mfupa wa mkono ukivunjika.

"Mama, toka! Huyu ndiye aliyemuua!"

"Nipige mimi," mama alisema. "Mapenzi alipokuja nyumbani mweupe nilimzungusha kwa majirani, najivuna. Nawe ukaleta rafiki zako waje wamtazame. Au umesahau, mwanangu?"

Kalama alishusha jembe, na baba akalichukua, akaanza kufukia peke yake. Easter ndiye aliyevua leso yake akaufunga mkono wa mama, nasi tukitazama.

Namwomba Mungu anipe moyo wa kumsamehe Easter. Bado hajanipa.