Matofali ya Kichuguu

Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa kujenga pale Kondele, na kichwa changu kilikuwa kimejaa udongo. Nilikuwa nimefundishwa kutumia mashine ya mkono inayoshindilia udongo uliochanganywa na simiti kidogo, likatoka tofali gumu. Halichomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa, na nyumba yake ni baridi mchana kutwa. Nikapeleka ramani ya nyumba ya namna hiyo kwa mkaguzi wa majengo mjini. Aliliona neno udongo, akanirudishia karatasi zangu. Sheria ilitaka mawe au simiti, basi.

Sikubishana naye. Nilijiambia nitaanzia nyumbani, karibu na Luanda Kotieno, ambako hakuna mkaguzi, nimjengee mama yangu, ambaye paa lake la nyasi lilivuja kila masika. Nilisahau kwamba mama naye alikuwa mkaguzi.

Alinitazama nikibomoa kichuguu nyuma ya boma, nikichekecha, nikipiga matofali na kuyapanga kivulini. Siku ya tatu kina mama wa kanisa walipita, wakacheka kile kicheko cha kufunika mdomo. Walipoondoka, akanijia.

"Wuoda," alisema, ndivyo alivyoniita, mwanangu, "mimi niliuza samaki kwa jua ndio wewe usome. Sasa umesoma, unanirudisha kwa matope?"

"Mama, hii si matope. Hii ni ngumu kama simiti."

"Kama ni kama simiti, leta simiti."

Ningeweza kumweleza tena, polepole. Lakini nina hasira za karibu, na ukweli ni kwamba kile kicheko kiliniuma mimi kuliko yeye. Niliuza mashine kwa mtu wa Muhoroni, nikanunua simiti na mabati. Dari sikuweka, uwezo uliishia hapo. Siku ya kuifungua nyumba, mama alicheza uwanjani mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Matofali yangu ya kichuguu yalikuwa bado yapo, akasema yanatosha kumjengea jiko. Nikamjengea, nimenuna.

Tangu hapo nilifika kila Krismasi. Alinipa chai sebuleni chini ya yale mabati, huku anajifuta jasho kwa kanga.

"Unalala vizuri, mama?"

"Nalala vizuri sana."

Kwetu mwana wa kiume aliyekomaa hulala kwenye simba yake, kibanda chake karibu na lango, na chumba cha kulala cha mama yake hakikanyagi. Nilikuwa mtoto mwenye adabu. Sikukikanyaga.

Kiangazi kimoja katika miaka ya tisini nilitumiwa habari kwamba mama amefariki. Nilipofika nilielekea nyumba kubwa, lakini mke wa kaka yangu alinishika mkono akanipeleka jikoni. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, kando ya ukuta nilioujenga nikiwa nimenuna. Biblia yake ilikuwa pale, nguo zake zimetundikwa msumarini, hata taa yake.

"Huku ndio alikuwa analala," shemeji alisema. "Ile ya mabati joto lilimshinda siku ya kwanza, hata usiku mmoja hakulala. Alitukataza tukuambie. Alisema utajisikia vibaya, na watu watacheka."

Niliingia chumba chake katika nyumba ya simiti kwa mara ya kwanza, nikiwa na umri wa kuwa na mvi. Godoro nililomnunulia lilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni. Nikarudi jikoni, nikaweka shavu kwenye ukuta. Ulikuwa baridi. Nililia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.

Kabla ya mazishi, desturi inataka marehemu alale ndani ya nyumba yake. Nilisema alazwe jikoni. Wazee walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Nani humlaza mama yake jikoni, na nyumba ya simiti ipo?

Kwa mara nyingine sikubishana. Tulibeba jeneza tukaliingiza chini ya yale mabati yanayowaka, na waombolezaji wakaisifu nyumba, wakasema mama huyu alijengewa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala humo, na mimi ndiye niliyeshika upande wa kichwa.