Cherehani Iliyozama Usinge

Sijawahi kupenda maji mengi. Nimezaliwa Chemchem, mjini Tabora, na maji tuliyoyajua sisi ni ya ndoo. Lakini dada yangu aliponiandikia nimtafutie mtu wa kuzamia, niliomba likizo kwenye karakana ya reli nilikokuwa nikifanya kazi, nikapanda treni kwenda Usinge huku nikilalamika njia nzima.

Dada aliolewa huko. Walipohamishiwa kijiji cha ujamaa ng'ambo ya ziwa, mashua iliyobeba vyombo vya kaya nne ilielemewa, ikazama karibu na kisiwa kimoja kidogo. Watu waliokolewa wote. Cherehani ya dada, aliyoachiwa na mama, ilikwenda na mashua. Kijijini akapewa jembe kama wengine, yeye ambaye tangu usichana alikuwa akiishi kwa sindano. Sasa kamati ya kijiji ilikuwa imemwahidi chumba nyuma ya duka la ushirika ashone sare za wanafunzi, mradi awe na cherehani yake kabla shule haijafunguliwa. Kiangazi kilikuwa kimeshusha maji ya ziwa. Akaona bahati yake imefika.

Mzamiaji nilimpata palepale karakanani. Alikuwa Mzaramo, aliyewahi kuzamia bandarini Dar es Salaam kabla reli haijamleta kwetu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kuwakuta wenyeji wanawasubiri njiani ili wawacheke. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, achukue kofia yako aondoke nayo, na ukinuna wewe ndiye mjinga. Tuliposhuka stesheni ya Usinge alimtazama dada juu mpaka chini, akaniuliza kwa sauti, "Huyu ndiye mtumwa wangu aliyetupa cherehani majini?" Dada akamjibu kwamba aliagiza mzamiaji, kumbe ameletewa chura. Tangu hapo hawakunyamaza.

Kisiwani tulifikia kwa mama mmoja mjane, aliyekuwa na vibanda viwili vya nyasi vya kulaza wavuvi na warina asali wanaopita. Masharti yake yalikuwa mengi kuliko vibanda vyake. Mti mbichi haukatwi. Kuni ni zile zilizoanguka zenyewe. Sabuni haishuki ziwani. Unachota maji, unaenda kuogea mbali, kwenye migomba. Samaki ni wa kuliwa siku ileile. Na ukiondoka, unaondoka na takataka zako zote, hata betri kuukuu za tochi. Nilinung'unika sana, nikamwambia dada hata bweni la shule lilikuwa na uhuru zaidi. Kesho yake nikajikuta nainama kuokota kijiti cha kiberiti nilichokitupa mwenyewe. Kisiwa kilikuwa kisafi na kimya, na usingizi wa pale sijaupata tena popote.

Mjane ndiye aliyejua mamba wanakaa upande gani. Kila asubuhi alitupeleka kwa mtumbwi wake, na kabla mtu hajaingia majini aliyapiga kwanza kwa upondo, mti ule mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mzaramo alifunga kamba kiunoni, mimi nikashika ncha ya pili, yeye akakumbatia jiwe na kushuka. Mashua ilikuwa imelalia ubavu, kina cha watu watatu hivi. Tope lilikuwa zito, kwa hiyo alifanya kazi kwa kupapasa.

Siku ya kwanza, baada ya kushuka mara sita au saba, aliibuka akashika ukingo wa mtumbwi, akapaza sauti kuelekea ufukweni alikokuwa dada.

"Mtumwa wangu! Nimeipata! Jiwe lenu la kusagia limeiangukia, imevunjika shingo!"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. "Umeshika shingo yako mwenyewe, Mzaramo!" Nami nikacheka. Tulichosikia sisi ni kwamba imepatikana.

Siku ya pili aliibuka na maneno yaleyale: vipande viwili, amevishika vyote. Jioni dada alipika samaki, akamnyima kichwa kwa sababu, alisema, mwongo hali kichwa. Kisha akampima mjane kwa kamba ya katani, akamwahidi gauni la kwanza litakalotoka kwenye cherehani, akaniamuru mimi nikariri vipimo. Niliona Mzaramo hamalizi ugali wake. Nikadhani ni baridi ya maji.

Siku ya tatu alishuka mara moja tu. Alipopanda mtumbwini hakupiga kelele. Alituomba tumrudishe ufukweni. Akavaa shati, akafunga vifungo vyote, akamwendea dada jikoni na kusimama mbali kidogo.

"Shikamoo, dada."

Dada alikuwa akikoroga chai. Mkono ukasimama. Alimzidi umri, ndiyo, lakini mtani wako haji na heshima za namna ile bure.

"Marahaba," alijibu polepole.

"Nisamehe, dada yangu. Shingo imekatika kabisa. Muulize mdogo wako, chuma cha namna ile hakiungiki kikashona tena."

Dada akanitazama. Nilikijua chuma kile, nikatikisa kichwa.

"Ulijua lini?" akamuuliza.

"Siku ya kwanza. Nilikuambia."

Ni kweli, alituambia, mara mbili, ziwa zima likasikia. Hakuwa na sauti nyingine ya kuongea nasi, na sisi hatukuwa na sikio lingine la kumsikilizia. Naona aibu mpaka leo. Nikaanza kusema kwamba nitaulizia nyingine Tabora, ingawa nilijua miaka ile cherehani ilivyokuwa adimu. Dada akaninyamazisha kwa mkono.

"Niacheni nilie kidogo," alisema. "Nimecheka siku mbili nzima."